Cicely Tyson alikataa, na binti yake akalipa

Mei 1974, katika ukumbi wa Pantages huko Hollywood, Cicely Tyson alisimama na tuzo ya Emmy mkononi akamsemesha mama yake. Mbele ya kamera zilizokuwa zikirusha sherehe ile Marekani nzima, alimwambia kwamba kumbe mahali pale hapakuwa pango la uovu. Mtazamaji wa kawaida aliyasikia kama maneno ya furaha ya mtu aliyeshinda. Aliyezijua habari za nyumba yao alisikia jibu la ugomvi wa karibu miaka ishirini, maana Fredericka Tyson alikuwa amemtoa binti yake nyumbani kwa sababu ya kazi ileile ambayo sasa ilimletea tuzo.

Tangu Bi Tyson afariki dunia tarehe 28 Januari 2021, akiwa na umri wa miaka 96, maisha yake yamekuwa yakisimuliwa kama ushuhuda wa kanisani: msichana maskini wa Harlem alionewa, akaomba, akavumilia, Mungu akamwinua. Masimulizi hayo yana kweli ndani yake na sina ugomvi na anayefarijika nayo. Lakini yanampunguza mwanamke huyu. Imani yake haikuwa ya kukaa na kungoja mlango ufunguke. Ilikuwa imani ya kuikataa milango iliyokuwa wazi, mwaka baada ya mwaka, wakati kodi ya nyumba inadaiwa. Na kukataa huko kulikuwa na gharama ambayo ushuhuda wa kanisani hauitaji, kwa sababu mtu aliyeilipa kwa wingi hakuwa yeye.

Wazazi wake walitoka Nevis, kisiwa kidogo cha Karibiani, wakaingia New York kutafuta maisha. William, baba yake, alikuwa fundi seremala na mpaka rangi. Fredericka alifanya kazi za ndani katika nyumba za watu. Cicely alizaliwa tarehe 19 Desemba 1924. Ndoa ya wazazi ilivunjika angali mtoto, na akiwa na miaka tisa hivi alikuwa akiuza mifuko ya kubebea bidhaa barabarani ili kuchangia chochote nyumbani. Maisha yao mengine yote yalikuwa kanisani. Aliimba kwaya, alipiga piano na kinanda, na siku ambazo hakuwa kanisani zilikuwa chache. Sinema ilikuwa marufuku. Kwa Fredericka, jumba la sinema na jumba la maigizo yalikuwa mahali ambapo shetani hukata tiketi.

Ndipo binti huyo wa kwaya, akiwa na miaka 17, akapata mimba. Desemba 1942 akaozwa. Ndoa ile ilikuwa ya muda mfupi, mume akaondoka, na Cicely akabaki na mtoto wa kike aliyezaliwa mwanzoni mwa 1943. Alipata kazi ya kupiga taipu katika ofisi ya Msalaba Mwekundu. Jioni na mwisho wa wiki akaanza uanamitindo, picha zake zikatokea magazetini, na katikati ya miaka ya 1950 mtu akamwambia kwamba sura ile na sauti ile vinafaa kuigiza.

Alipomweleza mama yake, jibu lilikuwa fupi. Kama hiyo ndiyo kazi anayoitaka, hawezi kuifanya akilala chini ya paa lile. Akafungasha, akaondoka. Kwa muda wa kama miaka miwili mama na mwana hawakusemezana.

Wazazi wengi wa Afrika Mashariki wangemwelewa Fredericka bila kufafanuliwa. Hapa kwetu pia, kuanzia enzi za michezo ya redio hadi filamu za Bongo, msichana aliyesema nyumbani kwamba anataka kuigiza amekuwa akiulizwa kama anataka uhuni, na wapo waliofungiwa mlango kabisa. Tumezoea kuwaona wazazi wa aina hiyo kuwa watu wa zamani wasioelewa sanaa. Mimi siwezi kumhukumu Fredericka kirahisi namna hiyo, kwa sababu katika tawasifu yake Bi Tyson mwenyewe anasimulia kwamba mwalimu wa uigizaji aliyekwenda kusoma kwake alimshambulia akitaka kumwingilia kwa nguvu. Alipambana naye akajinasua. Kisha alirudi darasani, kwa sababu aliitaka elimu ile kuliko alivyomwogopa mtu yule. Alichokiogopa mama, basi, kilikuwapo kweli. Hofu yake haikuwa ya kijinga. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba ulinzi wa binti ni kumzuia asiende, na alipokwenda, kumwacha aende peke yake.

Mama alirudi moyo. Siku moja alikwenda kumtazama binti yake jukwaani, akaona kwa macho yake kinachofanyika pale, na nyumba ikapatana. Lakini alichomrithisha kilikuwa kimeshaingia damuni. Mwanamke aliyekuwa tayari kumpoteza mtoto kuliko kukibariki alichokiona kuwa dhambi alimlea mtoto aliyeweza kumtazama mtayarishaji wa filamu usoni na kumwambia hapana. Misimamo hiyo miwili ni ya ukoo mmoja. Ndiyo maana nasema kwamba Fredericka, aliyeipinga kazi ile kuliko mtu yeyote, ndiye aliyemwandaa binti yake aifanye kwa heshima.

Kukataa kulianza na nywele. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alipewa nafasi ya mwanamke wa Kiafrika katika mchezo wa runinga. Nywele zake zilikuwa zimenyooshwa kwa moto, kama ilivyotarajiwa kwa kila mwanamke mweusi aliyetaka kazi ya heshima. Usiku wa kuamkia kurekodi alikwenda kwa kinyozi Harlem, akamwambia akate zote, kisha akaziosha zilizobaki zikarudi katika hali yake. Mwaka 1963 alibaki na nywele zake za asili katika East Side/West Side, tamthilia ya kituo cha CBS ambayo ndani yake alikuwa katibu katika ofisi ya ustawi wa jamii. Hapakuwa na mwanamke mweusi aliyewahi kuonekana hivyo kila wiki sebuleni mwa Wamarekani, katika nafasi ya mtu mwenye akili na kazi yake. Wasusi walimlalamikia kwamba wateja wanawakimbia, wanataka nywele kama zake. Vituo kadhaa vya Kusini vilikataa kuirusha tamthilia hiyo, nayo haikuvuka msimu mmoja.

Sehemu iliyofuata ndiyo ngumu zaidi kuisimulia, kwa kuwa ni habari za kazi ambazo hazikufanyika. Baada ya The Heart Is a Lonely Hunter ya mwaka 1968 alikaa miaka bila filamu kubwa. Kazi zilikuwapo. Hollywood ilikuwa ndiyo kwanza imegundua kwamba watazamaji weusi wana fedha, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 zikafuatana filamu kama Shaft na Super Fly, zilizojaa bunduki, wauza dawa za kulevya na wanawake waliovuliwa nguo. Waigizaji wenzake walizifanya. Wengine walikuwa na watoto wa kulisha na mimi siwalaumu. Yeye akakataa.

Kipimo chake alikieleza mara nyingi katika mahojiano. Akisoma mswada, ama ngozi humsisimka, ama tumbo humchafuka, na tumbo likichafuka hapokei kazi hiyo hata iwe na fedha kiasi gani. Watu wengine hukiita hisia ya msanii. Mimi nakiona kuwa dhamiri ya mtoto aliyelelewa akijua kwamba kila tendo lina anayelitazama.

Sounder ilipokuja mwaka 1972, mwongozaji Martin Ritt alimpa nafasi ndogo ya mwalimu, akimwona mrembo mno kuwa Rebecca, mke wa mkulima maskini wa Louisiana katika miaka ya Mdororo Mkuu wa uchumi. Aliitaka nafasi ya Rebecca, akaing'ang'ania mpaka akaipata. Mume wa Rebecca, aliyeigizwa na Paul Winfield, anafungwa kwa kuiba nyama ya kuwalisha wanawe, na mwanamke anabaki na shamba, watoto na deni la mwenye ardhi. Anayeitazama filamu hiyo leo angoje tukio la mume kurudi. Rebecca anamwona kwa mbali barabarani, hajui bado kama ni yeye, kisha anajua, na anakimbia mikono ikiwa wazi. Nimeona mapenzi mengi katika sinema. Machache yamenigusa kama ya wanandoa hawa wawili wenye nguo zilizochakaa.

Akiwa katika ziara za kuitangaza filamu hiyo, mwandishi mmoja mzungu alikiri mbele yake kwamba alijisikia vibaya kumsikia mtoto mweusi katika filamu akimwita baba yake kwa neno lilelile ambalo watoto wake yeye walimwitia. Bi Tyson alisimulia tukio hilo mpaka uzeeni. Mtu yule hakuwa mtu wa matusi. Alikuwa tu hajawahi kufikiri kwamba mtu mweusi ana baba kama yeye alivyo baba. Siku ile, alisema, ndipo alipoamua kwamba hawezi kuigiza kwa ajili ya kuigiza tu, na kwamba kila nafasi atakayoipokea lazima iseme jambo juu ya watu wake.

Mwaka 1973 aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Diana Ross naye aliteuliwa mwaka huohuo, na kabla yao mwanamke mweusi pekee kufika hapo alikuwa Dorothy Dandridge. Liza Minnelli ndiye aliyeshinda. Mwaka uliofuata likaja The Autobiography of Miss Jane Pittman, igizo la runinga lililotokana na riwaya ya Ernest J. Gaines. Alikuwa bibi wa miaka 110, aliyezaliwa utumwani na kuishi mpaka harakati za haki za kiraia. Alikwenda kwenye nyumba za wazee kuwatazama wanavyokaa, wanavyoshika kikombe, wanavyotafuta neno. Mwishoni bibi huyo anakwenda taratibu na mkongojo wake hadi kwenye bomba la maji lililotengwa kwa wazungu, anainama, anakunywa. Hapo ndipo zilipotoka zile tuzo za Emmy, mbili kwa usiku mmoja.

Wapo waliomwelewa vibaya wakadhani kwamba alikuwa akikataa kuigiza maskini au watumishi. Hapana. Rebecca ni maskini wa mwisho, Jane Pittman alikuwa mtumwa, na mwaka 2011 katika The Help alikuwa mtumishi wa ndani, kazi ya mama yake mzazi. Alichokikataa ni mtu asiye na roho: mlevi anayepita nyuma ya meza, kahaba asiye na jina, mtumishi anayecheka bila sababu. Waandishi wa filamu zetu wangefaa kuitafakari tofauti hiyo, maana bado tunaandika dada wa kazi ambaye kazi yake ni kuanguka na trei ili watu wacheke.

Juu ya ndoa yake na mpiga tarumbeta Miles Davis nitasema machache, ingawa magazeti yamesema mengi. Walikuwa wapenzi katika miaka ya 1960, na uso wake ndio uliopamba jalada la albamu ya Sorcerer ya mwaka 1967. Waliachana, wakarudiana, wakafunga ndoa mwaka 1981 mbele ya Andrew Young, mchungaji na mwanasiasa. Alimsaidia kuachana na kokeini. Davis alipopata kiharusi mwaka 1982 na mkono wake kupooza, yeye ndiye aliyehangaika naye na kumpeleka kutibiwa kwa sindano za Kichina mpaka akashika tena tarumbeta. Palikuwapo pia wanawake wengine, na ghadhabu, na usiku mwingi wa machozi, hadi ndoa ilipovunjika mwishoni mwa miaka ya 1980. Nimesikia sura hii ikifanywa somo la uvumilivu kwa wake. Naomba isifanywe hivyo. Mwanamke aliyeweza kuwakataa wakubwa wa Hollywood alichukua miaka mingi kumkataa mwanamume mmoja, na hilo ni jambo la kumsikitikia. Tusiwaambie mabinti zetu wamwige hapo.

Miaka hiyohiyo kazi ilipwaya. Mwaka 1983 alirudi Broadway katika The Corn Is Green, na mchezo huo haukumaliza hata mwezi. Hakupanda tena jukwaa la Broadway kwa miaka 30. Runinga ilimpa nafasi hapa na pale, nyingine nzuri sana, lakini ile safu ya filamu kubwa ambayo mwigizaji mzungu wa kipaji chake angeipata baada ya uteuzi wa Oscar haikuja.

Alikuwa na ombi moja. Aliitazama filamu ya The Trip to Bountiful mwaka 1985, habari za bibi anayetoroka nyumba ya mwanawe mjini ili akaone tena kijiji alikozaliwa kabla hajafa, akamwambia wakala wake kwamba anaitaka Bountiful yake. Ilikuja mwaka 2013, jukwaani, akiwa na miaka 88. Katika mchezo huo bibi anaimba wimbo wa dini ambao Wakristo wetu wanaujua kutoka Tenzi za Rohoni kwa jina la Ndiyo Dhamana. Alipoanza kuuimba, watazamaji waliitikia. Hawakuombwa. Usiku baada ya usiku, watu walionunua tiketi ghali za Broadway, wengi wao wanawake weusi wazee waliokuja kwa makundi kutoka makanisani, waliimba naye mpaka mwisho wa ubeti. Wenye desturi za ukumbi, ambako mtazamaji hutakiwa kunyamaza, walishangaa. Fredericka hakuwa hai kuyaona hayo, jumba la maigizo kugeuka kanisa mdomoni mwa binti aliyemfukuza. Mwaka huo Bi Tyson alipata tuzo ya Tony, na hakuna aliyewahi kuishinda tuzo ya mwigizaji mkuu wa kike akiwa na umri ule.

Ni wakati huo ambapo magazeti yalianza kubishana juu ya miaka yake, na hapo ndipo panaponirudisha kwa mtu ambaye hakuwapo kwenye picha zozote.

Kwa miongo kadhaa vitabu vya marejeo viliandika kwamba Cicely Tyson alizaliwa mwaka 1933. Alipoingia katika sanaa alikuwa amevuka miaka 30, na wakala wake alimshauri apunguze kumi, kwa sababu hakuna aliyekuwa akitafuta mwigizaji mpya wa umri ule. Alikubali. Sasa fanya hesabu. Mwanamke aliyezaliwa mwaka 1933 hawezi kuwa na mtoto aliyezaliwa mwaka 1943. Uongo mdogo wa kikazi, ambao kila mtu katika biashara hiyo aliusema na bado anausema, ulimfuta binti wa damu kabisa. Sisemi kwamba hesabu ndiyo sababu pekee. Mama alitaka pia kumkinga mtoto na macho ya watu. Lakini matokeo ni kwamba binti aliishi akijua kuwa mama yake ni mama wa wote kwenye runinga, mama wa Kunta Kinte katika Roots, Harriet Tubman, Coretta Scott King, na kwamba yeye mwenyewe hatajwi.

Kazi alizozikataa mama zilikuwa pia fedha ambazo hazikuingia nyumbani. Kazi alizozipokea zilimweka mbali. Heshima ya watu weusi mbele ya kamera ilijengwa kwa saa ambazo binti huyo alikuwa akimngoja mtu.

Bi Tyson alilijua hilo, na ndiyo sababu namheshimu zaidi kwa kitabu chake kuliko kwa tuzo ya heshima ya Oscar aliyopewa mwaka 2018. Kitabu hicho, Just as I Am, kilichoitwa kwa jina la wimbo wa dini, kilitoka tarehe 26 Januari 2021, siku mbili kabla ya kifo chake. Alikitabaruku kwa binti yake, ambaye ndani ya kitabu kizima amempa jina la kubuni ili aendelee kuishi kwa faragha, akikiri kwamba yeye ndiye aliyelipa gharama kubwa kuliko wote kwa zawadi ambayo mama aliwapa watu. Hakujitetea. Hakusema Mungu alifidia.

Nawaomba wachungaji watakaoyatumia maisha haya katika mahubiri, na wahariri watakaoyaandika tena kila mwezi Januari, wasome kwanza ukurasa ule wa kutabaruku. Nawaomba watayarishaji wetu wa filamu, wanapomwajiri mwigizaji mwenye mtoto, waulize mtoto anabaki na nani na wapange ratiba kwa jibu hilo. Na mzazi ambaye binti yake amemwambia anataka kuigiza, asimfukuze. Aende naye kwenye mazoezi, akae kiti cha nyuma, na amjue mwalimu kwa sura na kwa jina.